Karakana ya Uani, Umeme wa Sebuleni

Nyumba ya mjomba wangu Mbagala ina ua mpana kidogo, na kwenye ua huo, chini ya mabati manne na kivuli cha mwembe, anachomelea mageti na madirisha ya nondo. Umeme aliuvuta dirishani kwa ekstensheni ya mita thelathini, ile ya kuzungushia kwenye gurudumu. Kichwa kiko sebuleni nyuma ya televisheni, mkia juu ya benchi la chuma. Siku moja nilikaa karibu na lile gurudumu, waya zaidi ya nusu ukiwa bado umejiviringa, nikaligusa. Moto kama birika.

"Mjomba, hii inaungua."

"Haiungui, mjomba. Imechoka tu, tangu asubuhi inafanya kazi."

Ekstensheni za aina ile huandikwa viwango viwili ubavuni: kimoja cha waya uliokunjuliwa wote, kingine, kidogo zaidi, cha waya uliobaki umeviringishwa. Wengi hudhani joto lile hutokana na sumaku inayojijenga kwenye mviringo. Sivyo, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi umo ndani ya waya uleule na sumaku zao zinafutana. Joto ni lile la kila waya uliobebeshwa mzigo, ila tabaka la ndani limefunikwa na la nje, halina pa kupumulia, na plastiki huanza kulainika kabla mtu hajasikia harufu.

Mtu anayetaka kuweka gereji ndogo, useremala au uchomeleaji uani kwake kwa kawaida huuliza atahitaji soketi ngapi, na umeme "mkubwa" anauombaje. Mimi ningemwambia kwanza atazame karakana yake inaning'inia kwenye nini. Karakana ya uani ni mteja wa pili aliyejibanza nyuma ya mita moja. Ana njaa yake, saa zake na ajali zake, na akilishwa kwa mrija wa sebule, siku akipaliwa nyumba nzima hukohoa.

Njaa yenyewe inapimika. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Kwa volti 230 hiyo ni takriban wati 3,000. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu hula wati 700 hadi 900, haina neno. Grenda kubwa ya inchi tisa hufika 2,000 na kuzidi. Kompresa ya nguvu za farasi mbili ni kilowati moja na nusu ikishazunguka, lakini inapoanza, mota huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Kisha inakuja mashine ya kuchomelea. Kijiti cha milimita 3.2 kinataka kama ampea 120 kwenye ncha, kwa volti 25 hivi. Hizo tayari ni kilowati tatu. Ongeza zinazopotea ndani ya mashine, na ukumbuke kwamba inverta za bei rahisi hunywa umeme kwa mikupuo badala ya mtiririko laini, ndipo utaona kwa nini waya wa kuingilia hubeba ampea 20 au zaidi. Hapo nasema ile ndogo ya kubeba begani. Zile za transfoma, zinazosukwa kwa mkono mitaani kutokana na chuma chakavu, zinaweza kuvuta 40. Ndiyo maana fundi akigusisha kijiti, taa za jirani hupiga kope.

Sasa tuje kwenye waya. Mita thelathini za waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, zikibeba ampea 20, hupoteza karibu volti 11 njiani. Waya wa 1.5 ungepoteza volti 17, na ekstensheni nyingi za dukani hazina waya mnene kuliko huo. Waya wa 6 hupoteza kama volti nne na nusu tu. Volti 11 huonekana haba mbele ya 230, lakini zizidishe kwa ampea 20: ni wati 220 za joto tupu, kama kufukia balbu mbili za zamani za wati mia ndani ya bomba la ukutani. Na mota ikianza, upungufu huo unapanda mara kadhaa. Kompresa inaguna, haizunguki, inaendelea kuvuta mkondo wa kuanzia, na nyaya za ndani ya mota zinaungua. Mwenye nayo atasema kauziwa feki. Pengine kweli, mara nyingi zaidi kompresa imekufa kwa njaa.

Watu husema tatizo la umeme mdogo litaisha kwa kuwa sasa umeme upo. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini megawati hizo zote zikifika dirishani kwa mjomba zinakutana na waya mwembamba kama kalamu ya risasi, na hapo Rufiji haina msaada.

Kwa hiyo karakana ipewe njia yake. Kutoka kwenye boksi lililo karibu na mita itoke breka yake peke yake, ifuatwe na kebo ya 6 au, kama uchomeleaji ndio kazi yenyewe, ya 10, hadi kwenye boksi dogo ndani ya karakana. Kebo ikipita ardhini iwe ile yenye koti la chuma, ishuke kama nusu mita, na juu yake, kabla ya kufukia, ilazwe tepu ya tahadhari, maana jembe la mtu anayechimba shimo la mpapai halijui ramani. Mashine ya kuchomelea isichomekwe kwenye soketi ya kawaida. Iwekewe ile ya duara ya buluu ya ampea 32. Fedha zikiwa chache, na huwa chache, ningetumia nyingi kwenye kebo na kubaki na soketi mbili. Soketi zitaongezwa mwakani. Unene wa kebo iliyokwisha kufukiwa hauongezeki.

Kuhusu kebo kuna hila ya sokoni ya kujihadhari nayo. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba huuzwa kama shaba, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, urudishe. Aluminiamu hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba, kwa hiyo waya ulioandikwa 2.5 unafanya kazi ya waya wa 1.5, na kwenye viungio vya skrubu hulegea kwa muda, ukaanza kutoa cheche.

Breka ndiyo sehemu inayofanyiwa dhambi nyingi kuliko zote. Mazungumzo haya nimeyasikia zaidi ya mara moja, kwa sauti tofauti: "Bosi, hii ya 20 inakatakata. Tukuwekee ya 40, utasahau." Na kweli mtu husahau. Breka haikuwekwa kulinda grenda wala kompresa. Inalinda waya uliomo ukutani. Waya wa 2.5 ndani ya bomba unamudu ampea 20 na kitu. Ukiuwekea breka ya 40, kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, mahali usipopaona, juu ya dari yenye mbao kavu na viota vya panya. Baba zetu walifanya hivyohivyo kwa fyuzi za kaure: ikiungua, walifunga nyuzi tatu za shaba au msumari.

Lakini malalamiko ya fundi yule si ya bure. Breka inaweza kukata bila kosa lolote, kwa sababu mota inapoanza huvuta mkupuo mkubwa kwa nusu sekunde. Dawa yake haiko kwenye namba, iko kwenye herufi iliyoandikwa mbele ya namba, ambayo wengi hawaisomi. Breka ya B20 hukata papo hapo mkondo ukifika mara tatu hadi tano ya kiwango chake. C20 husubiri mara tano hadi kumi. D20 mara kumi hadi ishirini. Zote tatu huulinda waya uleule dhidi ya mzigo wa kudumu. Kwa taa na televisheni B inatosha. Kwa kompresa, msumeno wa duara na mashine ya kuchomelea, omba C, na D iwe ya mota nzito ambazo C imezishindwa. Badilisha herufi, namba iache.

Sasa ethi. Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo imani yetu ilipo kubwa na ulinzi mdogo. Nyumba nyingi kwetu zina fimbo ya shaba iliyopigwa kando ya ukuta, yenye urefu wa mita 1.2 hivi, na mwenye nyumba akishaiona hulala usingizi. Fimbo hiyo inafanya nini hasa? Tuseme waya wa moto umechubuka ndani ya mashine ya kuchomelea na kugusa sanduku lake la chuma. Umeme unashuka kwenye waya wa kijani, unaingia kwenye fimbo, unapita udongoni hadi kwenye ethi ya transfoma ya mtaa. Udongo si shaba. Katika udongo wenye unyevu wa kawaida, fimbo ya mita 1.2 huwa na ukinzani wa kama omu 70. Gawanya 230 kwa 70: ampea tatu na kidogo. Breka ya 32 haizioni ampea tatu. Kwake huo ni mzigo wa pasi ya nguo. Katika mchanga mkavu wa Mbagala mwezi Februari, ukinzani unaweza kufika omu mia kadhaa, na mkondo ukawa chini ya ampea moja. Breka imetulia, taa inawaka, sanduku la mashine limebeba karibu volti zote, na mjomba yuko pekupeku.

Mwili wa mtu aliyelowa jasho unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 230 hapo ni milliampea 230, na moyo unaweza kuvurugika kwa chini ya nusu ya hizo.

Kinachokata katika hali hiyo ni kifaa kingine, kile kipana chenye kitufe kidogo cha T, ambacho mafundi hukiita RCCB. Hakipimi wingi wa umeme. Kinalinganisha unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua kwa milliampea 30, maana yake kuna umeme unaorudi kwa njia ya mkato, aidha udongo aidha mtu, nacho hukata chini ya theluthi moja ya sekunde. Kwa kifaa hicho hata fimbo mbovu ya omu 1,600 inatosha kuzuia chuma kisibaki na zaidi ya volti 50. Yaani fimbo na RCCB ni mume na mke. Fimbo peke yake, katika udongo wetu, ni mjane asiye na sauti.

Mbona basi kifaa hiki kinang'olewa kila kukicha? Kwa sababu kinasema ukweli kwa wakati mbaya. Mvua ikinyesha, maji yakaingia kwenye kiungio kilichofungwa kwa nailoni ya mfuko, kinakata. Grenda iliyojaa vumbi la chuma tumboni ikiwashwa, kinakata. Fundi wa zamani aliyeunganisha nyutro na ethi huko mbele ya waya amekifanya kikate kila unapowasha kitu kizito. Ni rahisi kukiruka kwa waya mfupi kuliko kutafuta uvujaji, na mteja anayetaka geti lake Jumamosi anashangilia. Hata hivyo kipimo chake ni rahisi: chomoa kila kitu, kiwashe, kisha chomeka kimoja kimoja hadi umpate mwizi. Na kuna mambo kisichoyaweza. Ukishika moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, kwake wewe ni balbu tu. Wala hakioni upande wa kijiti, ambao transfoma imeutenga na ambao hubeba volti 60 hadi 80 wakati hujaanza kuchoma. Glovu kavu ndiyo kinga ya huko.

Vifaa vingi vya mkononi vya siku hizi vina alama ya mraba ndani ya mraba na plagi ya miguu miwili. Hivyo havihitaji ethi. Tatizo ni jinsi tunavyovichomeka: kalamu ya bic tundu la juu, milango midogo ya soketi ikafunguka, miguu miwili ya duara ikasukumwa kwa nguvu isikokaa vizuri. Kiungio kilicholegea hupata moto. Soketi nyingi nyeusi za karakana zimeungulia hapo.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya wenzetu wenye umeme usiokatika huitaja kwa haraka, nasi tungeipa ukurasa mzima. Umeme umekatika saa tisa alasiri, msumeno wa duara umesimama katikati ya ubao. Seremala anasubiri, anachoka, anaenda kunywa chai. Swichi ameiacha chini. Mwanafunzi wake anafagia vumbi la mbao, mkono karibu na meno. Umeme unarudi. Swichi ya kawaida haina kumbukumbu: msumeno unaanza. Kwa mashine yoyote inayokata au kuzungusha, pasiwe na swichi ya taa. Iwekwe stata, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo koili yake huachia umeme unapokatika na haishiki tena hadi mtu abonyeze kijani kwa hiari yake. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuongeza kwenye karakana za mbao nilizowahi kuingia, ningechagua hicho, hata kabla ya waya mpya.

Taa nazo zina kisa chao. Kwa umeme wa hezi 50, mwanga wa tyubu ya zamani hupepesa mara mia kwa sekunde, na kitu kinachozunguka kwa mwendo unaooana na upepesaji huo kinaweza kuonekana kimesimama. Balbu za LED za bei poa baadhi zina tabia hiyo. Weka taa ambayo haipepesi, na iwe kwenye breka tofauti na mashine, ili ikikata moja usibaki gizani na diski inayozunguka.

Na umeme wa fezi tatu? Wengi huuona kama cheo. Kwa grenda, drili na inverta moja, sioni haja. Fezi moja iliyolishwa kwa kebo nene inatosha. Ukifikia mota za farasi watano, mashine ya kusaga au mashine mbili za kuchomelea kwa pamoja, hapo omba. Mota ya fezi tatu huanza kwa ulaini zaidi, na karakana ikikaa kwenye fezi isiyo ya nyumba, taa za sebuleni haziyumbi. Lakini fezi tatu ina hila zake. Fezi moja ikipotea, mota inaendelea kuzunguka kwa mbili huku ikiungua, kwa hiyo stata iwe na kinga ya mzigo. Nyutro ikikatika, volti hugawanyika ovyo, na friji iliyozoea 230 inaweza kupokea karibu 400.

Hila mbaya kuliko zote iko kwenye rangi. Katika mpangilio wa zamani, nyekundu, njano na buluu zilikuwa fezi, na nyeusi nyutro. Katika mpangilio mpya kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, na buluu ni nyutro. Soma tena: nyeusi na buluu zimebadilishana viti. Maduka ya Kariakoo huuza nyaya za mipangilio yote miwili, na nyumba iliyojengwa kwa awamu, kama zilivyo nyumba zetu nyingi, inaweza kuwa na yote miwili kwenye boksi moja. Rangi ni tetesi. Testa na mita ndizo zinazoamua.

Suala la nani afanye kazi hii lina jibu la kisheria lililo wazi: kufunga nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, ya daraja linaloruhusu ufungaji huo. Kwa nini basi vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, hawaishiwi kazi? Bei ni sababu moja. Nyingine ni kwamba karakana ya uani haizaliwi siku moja. Huanza na balbu, ikafuata soketi, ikafuata grenda ya kuazima, na hakuna siku ambayo mwenye nayo anaweza kusema "leo nimekuwa na karakana, nimwite mkandarasi." Kila nyongeza ni ndogo mno kustahili leseni. Wengi wa hao wanaoitwa vishoka wamepita VETA na mikono yao ni mizuri. Wanachokosa ni kipimo. Ukimpata fundi, mwulize swali moja: fimbo hii utaipimaje? Akikuonyesha kifaa, kaa naye. Akisema ataunga balbu kwenye moto na ethi ione kama inawaka, mshukuru umuage.

Jenereta nitaigusa kwa maneno machache. Isiingizwe nyumbani kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili, hata kwa dakika kumi. Umeme wake utatoka kwenye mita, utafika kwenye transfoma ya mtaa kwa mlango wa nyuma na kupandishwa hadi kilovolti 11 au 33, na juu ya nguzo kuna mtu aliyeambiwa laini imezimwa. Swichi ya kubadilishia ipo, na inauzwa.

Mjomba alikubali mwaka jana, baada ya soketi ya sebuleni kuyeyuka na kuacha doa jeusi ukutani lenye umbo la muhogo. Fundi alileta kebo ya 10, akachimba mtaro kupita nyuma ya choo, akaweka boksi dogo la breka nne chini ya mabati, RCCB mwanzoni. Fimbo aliipima, hakuridhika, akapiga ya pili mita tatu kutoka ya kwanza na kuziunganisha. Jioni, mjomba akiwa anachoma bawaba ya mwisho, fundi alibonyeza kile kitufe cha T. Karakana ikanyamaza, mashine ikazima, feni yake ikazunguka kidogo na kusimama. Ndani tamthilia iliendelea. Watoto hawakugeuza shingo.

"Umeunguza nini?" mjomba aliuliza, barakoa bado usoni.

"Hakuna, mzee. Nimeijaribu tu."

Mjomba akavua barakoa, akasogea karibu na boksi, akainua swichi ya RCCB. Akabonyeza kitufe mwenyewe, akasikiliza televisheni, akainua tena, akakibonyeza tena.